Kuazima na Kujibu: Weusi na Wazungu katika Albamu ya Kwanza ya The Clash (1977)

1.0 Utangulizi

Wimbo hauwezi kueleweka barabara ukitengwa na tukio lililouzaa, hadhira iliyokusudiwa na nyimbo nyingine unaozijibu. Jambo hili ni dhahiri kwa yeyote aliyepata kusoma mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, ambayo hupoteza sehemu kubwa ya maana yake iwapo msomaji hajui yalimlenga nani na yalijibu kauli gani. Makala haya yanaitumia kanuni hiyo kuchunguza matini iliyo mbali na pwani ya Afrika Mashariki, nayo ni albamu ya kwanza ya bendi ya The Clash ya London. Albamu hiyo, iliyopewa jina la bendi yenyewe, ilitolewa na kampuni ya CBS tarehe 8 Aprili 1977.

Albamu hiyo huhesabiwa miongoni mwa misingi ya muziki wa panki nchini Uingereza. Sifa zake zinazotajwa mara nyingi ni hasira na kasi. Hata hivyo, sifa hizo hazikuwa za The Clash peke yao. Ramones wa New York walikuwa wametoa albamu yao ya kwanza Aprili 1976, na The Damned wa London walitoa ya kwao Februari 1977. Zote mbili zina kasi isiyopungua hiyo. Hoja ya makala haya ni kwamba umuhimu wa albamu ya The Clash umo katika majibizano. Vijana wa Kizungu waliyasikia yaliyokuwa yakisemwa na kutendwa na majirani zao weusi wenye asili ya Karibea, wakajaribu kuyajibu. Kwa kufanya hivyo walizua swali ambalo bado linawahusu wahakiki wa sanaa popote pale: je, mtu anaweza kuuazima wimbo na mapambano ya mwenzake bila ya kuvipora?

2.0 Muktadha wa Kijamii

Mwaka 1976 ulikuwa mgumu kwa Uingereza. Idadi ya watu wasio na kazi ilikuwa imepita milioni moja, na mwishoni mwa mwaka serikali ililazimika kuomba mkopo wa dola bilioni 3.9 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa. Vijana waliomaliza shule walikuta ajira chache, na zile zilizokuwapo hazikuwa na matumaini.

Kwa vijana weusi hali ilikuwa ngumu zaidi. Wazazi wao walikuwa wamehamia Uingereza kutoka Jamaika, Trinidad na visiwa vingine tangu 1948, wakaajiriwa katika hospitali, mabasi na reli. Watoto wao waliozaliwa au kukulia London walikabiliwa na ubaguzi shuleni, kazini na mitaani. Polisi waliitumia sheria ya uzururaji ya 1824 kuwakamata kwa kuwashuku tu kwamba walikusudia kutenda kosa. Kifungu hicho hakikufutwa hadi 1981.

Hasira hizo zililipuka tarehe 30 Agosti 1976 katika kanivali ya Notting Hill, magharibi ya London. Sherehe hiyo ilikuwa na historia ya kisiasa tangu mwanzo. Mwaka 1959 Claudia Jones, mwandishi na mwanaharakati mzaliwa wa Trinidad, aliandaa kanivali ndani ya ukumbi kama jibu la mashambulizi ya kibaguzi yaliyotokea Notting Hill mwaka uliotangulia. Katika miaka ya 1960 kanivali ilitoka nje na kuwa sherehe ya mitaani. Mwaka 1976 polisi walipelekwa kwa wingi usiopata kuonekana hapo kabla, na jaribio la kumkamata kijana mmoja likageuka kuwa mapambano ya mawe na matofali. Zaidi ya askari 100 walijeruhiwa, pamoja na wananchi wengi. Miongoni mwa waliokuwapo walikuwa Joe Strummer na Paul Simonon wa The Clash, pamoja na meneja wao Bernard Rhodes.

Wakati huohuo siasa za chuki zilikuwa zikipata nguvu. Katika uchaguzi wa baraza la London kuu wa Mei 1977, chama cha National Front, kilichodai wahamiaji wafukuzwe nchini, kilipata kura zaidi ya 100,000. Hata ulimwengu wa muziki haukusalimika. Tarehe 5 Agosti 1976 mpiga gitaa Eric Clapton, ambaye sifa yake yote ilijengwa juu ya muziki wa Waamerika weusi, alitamka jukwaani mjini Birmingham maneno ya kuwakataa wahamiaji. Tukio hilo ndilo lililochochea kuundwa kwa vuguvugu la Rock Against Racism, yaani Roki Dhidi ya Ubaguzi wa Rangi. Kwa hiyo, suala la nani anaazima muziki wa nani, na kwa adabu gani, lilikuwa suala la kisiasa kabla The Clash hawajaingia studio.

3.0 Bendi na Utengenezaji wa Albamu

The Clash walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza tarehe 4 Julai 1976 mjini Sheffield, wakiwatangulia Sex Pistols. Watunzi wakuu walikuwa Joe Strummer na Mick Jones. Strummer, aliyezaliwa Ankara mwaka 1952 kwa jina la John Mellor, alikuwa mtoto wa ofisa wa ubalozi na alisoma shule ya bweni. Jones aliishi na bibi yake katika jengo refu la halmashauri, karibu na barabara ya juu iitwayo Westway. Simonon, mpiga gitaa la besi, alikulia katika mitaa ya Weusi ya kusini na magharibi ya London, na rege ulikuwa muziki wa utoto wake.

Ujirani huo ulipata nguvu zaidi katika klabu ya Roxy, iliyokuwa ukumbi wa panki mwanzoni mwa 1977. Mpiga santuri wa klabu hiyo alikuwa Don Letts, kijana wa London aliyezaliwa na wazazi Wajamaika. Kwa kuwa wakati huo santuri za panki zilikuwa chache mno, Letts alijaza muda baina ya bendi na bendi kwa santuri za rege. Hivyo hadhira ya panki ilijifunza kusikiliza rege kwa sababu ya uhaba kwanza, na kwa mapenzi baadaye.

Januari 1977 The Clash walitia saini mkataba na CBS kwa malipo ya awali ya pauni 100,000. Nyimbo karibu zote zilirekodiwa mwezi uliofuata katika studio za kampuni hiyo mtaa wa Whitfield, kwa vipindi vichache vya mwishoni mwa juma na kwa gharama ya takriban pauni 4,000. Mtayarishaji alikuwa Mickey Foote, ambaye kazi yake ya kawaida ilikuwa kusimamia sauti za bendi jukwaani. Mpiga ngoma Terry Chimes alikuwa akiiacha bendi, na jina lake likachapishwa kwa kejeli kama Tory Crimes, yaani maovu ya wahafidhina. Albamu ilikuwa na nyimbo 14 na urefu wa takriban dakika 35, nayo ilifika nafasi ya 12 katika orodha ya mauzo ya Uingereza.

4.0 Maudhui na Fani

4.1 Mji, Kazi na Uchovu

Nyimbo nyingi za albamu zinahusu maisha ya kijana wa mjini asiye na la kufanya. "Career Opportunities" inaorodhesha kazi ambazo kijana huyo hupewa, kisha inazikataa moja baada ya nyingine. Miongoni mwazo ni kufungua barua zinazohofiwa kuwa na mabomu, jambo lililotokana na kazi ya ofisi aliyowahi kuifanya Jones. "London's Burning" inachukua jina la wimbo wa watoto kuhusu moto mkubwa wa London na kuligeuza: kinachouunguza mji safari hii ni uchovu wa maisha yasiyo na tukio. "Hate and War" inapindua wito wa amani na upendo wa vijana wa miaka ya 1960. Mbinu inayotawala, basi, ni kuchukua usemi unaojulikana na kuupindua ili uonyeshe hali halisi.

Kwa upande wa fani, lugha ni ya mitaani, beti ni fupi, na viitikio vimeundwa ili hadhira iimbe kwa pamoja. Ulinganifu kamili wa sauti haukutafutwa. Strummer huyameza maneno, na mara nyingine huyatema kabla ya mapigo. Msikilizaji hulazimika kusikiliza mara kadhaa ndipo apate maana, na kosa la kusikia laweza kuwa chanzo cha utunzi. Inasimuliwa kwamba "I'm So Bored with the USA" ulianza kama wimbo wa Jones wa kumlalamikia mpenzi, Strummer akausikia vibaya, na wimbo ukageuka kuwa pingamizi dhidi ya utawala wa utamaduni wa Marekani.

4.2 "White Riot": Wimbo Unaohitaji Mfasiri

Wimbo wa nne wa upande wa kwanza, "White Riot", yaani ghasia ya Wazungu, ndio uliotolewa kwanza kama santuri ndogo, Machi 1977. Haufiki dakika mbili. Ulitungwa kutokana na yaliyoonekana Notting Hill. Nafsineni ni kijana wa Kizungu anayewatazama vijana weusi wakipambana na wenye mamlaka. Anakiri kuwa wao wana matatizo mengi lakini hawaogopi kurusha tofali, ilhali Wazungu wenzake hupelekwa shuleni wakafundishwa utii. Kiitikio kinadai ghasia ambayo itakuwa ya Wazungu wenyewe.

Ukisomwa kwa makini, wimbo huu ni lawama kwa Wazungu. Wanaosifiwa ni vijana weusi. Wanaokemewa ni Wazungu waliozoea kutii. Lakini kiitikio, ambacho ndicho hukumbukwa na kuimbwa na umati, hakina maelezo hayo. Kikitengwa na beti zake kinaweza kusikika kama mwito wa vita vya rangi, na wapo waliokisikia hivyo, baadhi kwa hofu na baadhi kwa furaha. Udhaifu huu haupaswi kufichwa. Mtunzi aliweka kejeli katika beti na kuacha kiitikio wazi, katika nchi ambamo National Front ilikuwa ikitafuta vijana wa kuandikisha.

Ugumu wa pili ni wa kimaadili. Kijana mweusi wa Notting Hill hakuchagua ghasia. Alisukumwa na polisi. Kijana wa Kizungu anayeitamani ghasia kutoka kando anaweza kuonekana kama mtu anayelionea wivu jeraha la jirani. Kama albamu ingeishia hapo, ingekuwa vigumu kuitetea.

4.3 "Police and Thieves": Wimbo wa Kuazima

Albamu haikuishia hapo. Wimbo wa nne wa upande wa pili ni "Police and Thieves", yaani polisi na wezi. Huu ndio wimbo pekee ambao The Clash hawakuutunga. Ulirekodiwa mwaka 1976 na Junior Murvin katika studio ya Black Ark ya Lee Perry mjini Kingston, wakati ambapo Jamaika ilikuwa ikikumbwa na mauaji ya kisiasa. Unawalalamikia polisi na wahalifu kwa pamoja kuwa ndio wanaolitisha taifa kwa silaha. Majira ya joto ya mwaka huohuo ulipigwa sana London, na watu wa Notting Hill waliufanya kuwa wimbo wa kanivali yao. Maneno yaliyotungwa kwa ajili ya Kingston yakawa yanasema habari za London.

The Clash walizoea kuupiga wakati wa mazoezi, na waliuingiza katika albamu baada ya kuonekana kwamba nyimbo zao hazikutosha. Sababu hiyo ya kawaida haipunguzi uzito wa uamuzi. Wimbo una urefu wa takriban dakika sita, nao ndio mrefu kuliko wote. Murvin aliuimba kwa sauti nyembamba ya juu. Strummer hakujaribu kuiiga sauti hiyo wala lafudhi ya Kijamaika. Aliuimba kwa sauti yake ya kukwaruza. Magitaa nayo yaligawana kazi: moja likagonga juu ya mapigo kwa namna ya roki, jingine baina ya mapigo kwa namna ya rege. Msikilizaji anazisikia mila mbili zikisemezana, wala hakuna iliyojifanya kuwa nyingine.

Hapa ndipo penye tofauti baina ya kuazima na kupora. Aporaye huficha chanzo, hulainisha alichokichukua na kukiuza kama chake. The Clash walimtaja mwenye wimbo, wakaacha mshono wa uazimaji uonekane, na wakauweka wimbo huo katika albamu moja na "White Riot" ili usikilizwe pamoja nao. Athari ya mpangilio huo ni kubwa. "White Riot" huuliza kwa nini Wazungu hawapambani. "Police and Thieves" humkumbusha msikilizaji kwamba mapambano yana gharama, na kwamba wanaoilipa wanalilia amani. Wimbo wa pili, kwa hiyo, unausahihisha wa kwanza kwa kinywa cha Mjamaika.

4.4 Jalada

Jalada nalo ni sehemu ya matini. Mbele kuna picha iliyopigwa na Kate Simon ya Strummer, Simonon na Jones wakiwa wamesimama katika kichochoro cha Camden. Nyuma kuna picha ya Rocco Macauley inayoonyesha askari wakikimbia kuushambulia umati katika kanivali ya 1976. Anayeigeuza santuri mkononi anapata jibu la swali la kiitikio: ghasia inayotajwa ni ipi, na adui ni nani. Picha ya nyuma inafanya kazi ambayo kiitikio kilishindwa kuifanya.

5.0 Mapokezi na Migongano

Albamu ilipokewa kwa migongano tangu mwanzo. Mark Perry, mhariri wa jarida dogo la panki lililoitwa Sniffin' Glue, alidai kwamba panki ilikufa siku ile The Clash walipotia saini na CBS. Shutuma hiyo ilikuwa na msingi. Bendi iliyohubiri uasi ilikuwa ikilipwa na mojawapo ya kampuni kubwa kabisa za santuri duniani. Mgongano huo ulijitokeza upesi, kwani Mei 1977 kampuni ilitoa "Remote Control" kama santuri ndogo bila ya ridhaa ya bendi. The Clash walijibu kwa wimbo "Complete Control" wa Septemba 1977, unaoishutumu kampuni hiyohiyo iliyoutoa. Mtayarishaji wake alikuwa Lee Perry, yule aliyeutengeneza "Police and Thieves" wa Murvin. Aliyeazimwa wimbo wake alikuwa sasa ameketi kwenye mitambo.

Majibu mengine yalitoka upande wa rege pia. Mwaka 1977 Bob Marley, aliyekuwa akiishi London wakati huo, alitoa "Punky Reggae Party", wimbo unaozikaribisha bendi za panki, The Clash wakiwamo, katika karamu moja na wanamuziki wa rege. Mwaka uliofuata Strummer mwenyewe alirudi kwenye swali alilolianzisha. Katika "White Man in Hammersmith Palais", uliotolewa Juni 1978, nafsineni ni Mzungu aliyekwenda kusikiliza wanamuziki wa Jamaika akitarajia maneno ya uasi, akakuta burudani. Hapo anatambua kwamba matarajio yale yalikuwa yake, si ya waliokuja kujifurahisha. Wimbo huo unafaa kusomwa kama ubeti wa ziada wa albamu ya 1977, kwa sababu unakubali kile ambacho "White Riot" haukukiona.

Nchini Marekani kampuni ilikataa kuitoa albamu hiyo kwa hoja kwamba sauti yake haikufaa kwa redio. Nakala zilizoagizwa kutoka Uingereza ziliuzwa kwa wingi hata hivyo, na hatimaye Julai 1979 toleo la Marekani lilitolewa, likiwa limeondolewa nyimbo nne na kuongezwa nyingine za baadaye, zikiwamo "Complete Control" na "White Man in Hammersmith Palais". Kwa hiyo wasikilizaji wengi wa Marekani waliyapokea maswali na majibu katika santuri moja.

6.0 Athari

Athari za albamu zilionekana kwanza katika vitendo. Tarehe 30 Aprili 1978 Rock Against Racism, kwa ushirikiano na Anti-Nazi League, iliandaa maandamano kutoka Trafalgar Square hadi Victoria Park, mashariki ya London, ambako makumi ya maelfu ya watu walikusanyika. The Clash walipiga siku hiyo pamoja na X-Ray Spex, Tom Robinson Band na Steel Pulse, bendi ya rege kutoka Birmingham. "White Riot" uliimbwa mbele ya umati uliokuja kuupinga ubaguzi, na muktadha huo uliufasiri wimbo kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuikosea.

Mwaka huohuo The Specials wa Coventry, bendi ya vijana weusi na Wazungu, waliitangulia The Clash katika ziara yao. Bendi hiyo iliunganisha panki na ska ya Jamaika, na mwaka 1979 ikawa kiini cha lebo ya 2 Tone. Kile ambacho The Clash walikuwa wamekisema kuhusu Weusi, The Specials walikitenda pamoja nao jukwaani. Hiyo ni hatua ya mbele, nayo inaonyesha pia upungufu wa albamu ya 1977, ambayo haina mwanamuziki mweusi hata mmoja miongoni mwa wapigaji wake.

Wataalamu nao walilishughulikia suala hili. Dick Hebdige, katika Subculture: The Meaning of Style (1979), alionyesha kwamba mitindo ya vijana wa Kizungu baada ya vita inaweza kusomwa kama mfululizo wa majibu kwa kuwapo kwa wahamiaji weusi. Paul Gilroy, katika There Ain't No Black in the Union Jack (1987), aliichambua Rock Against Racism akipima mafanikio na mipaka yake. Albamu ya The Clash inaziunga mkono hoja zote mbili. Ni jibu kwa Weusi, na jibu hilo lina mipaka.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba albamu ya kwanza ya The Clash haina budi kuchambuliwa ikiwa matini moja: nyimbo za kutunga, wimbo wa kuazima, mpangilio wake na jalada lake, pamoja na nyimbo ambazo wengine na watunzi wenyewe walizitoa kuijibu. Mhakiki anayekichukua kiitikio kimoja na kukihukumu atapata hasira tupu, au pengine chuki. Anayeisikiliza kwa ukamilifu wake atakuta vijana waliofanya makosa hadharani, wakaweka ndani ya kazi ileile sauti ya kuwasahihisha.

Kuhusu swali la kuazima, mfano huu unatoa vigezo vitatu vinavyoweza kujaribiwa kwingineko: chanzo kitajwe, mshono uachwe wazi, na mwenye mali apate nafasi ya kujibu. The Clash walitimiza cha kwanza na cha pili mwaka 1977. Cha tatu kilianza kutimia pale Perry na Marley walipojibu, nacho ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa hakiko mikononi mwa mwazimaji. Strummer aliaga dunia Desemba 2002 na Murvin Desemba 2013. Wimbo wanaoshirikiana bado hauwezi kuelezwa kwa kumtaja mmoja wao peke yake.